Wafungieni vijitabu, wasome hadithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nakaa Mikindani. Kila Jumamosi asubuhi vijana saba wa kidato cha nne huja barazani kwangu kusoma hadithi. Wote huja na vijitabu vya maswali na majibu, na ukiwauliza habari ya migogoro wanatiririka kama wanaosoma nyuradi: wa kiuchumi, wa kifamilia, wa nafsi. Wahusika nao ni hivyo hivyo: mvumilivu, mwenye tamaa, mwenye mapenzi ya dhati. Hadithi yenyewe hawajaigusa. Inaniuma sana.

Mwezi uliopita niliwasomea hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, ile ya mwaka 1884, ya Mathilde, mke wa karani, aliyeazima mkufu wa almasi kwa mwanamke aliyesoma naye ili aende nao kwenye dhifa, akaupoteza. Vijitabu nilivikusanya nikaviweka ndani.

Saa nzima tulikaa kwenye ukurasa mmoja. Dhifa inakwisha, kunakaribia kucha. Mume anamtupia mkewe mabegani vazi lake la kila siku. Mathilde anawaona wenzake wanavyojifunika manyoya ya bei, anaona haya, anakimbilia nje. Mume anamsihi angoje aite gari, hasikii. Wanafika nyumbani, shingo tupu. Mume anarudi njia nzima kwa miguu, anaingia saa moja asubuhi mikono mitupu. Baadaye anamwambia mkewe amwandikie mwenye mkufu kwamba kishikizo kimevunjika, wanautengenezesha.

Hapo binti mmoja akanikatiza: "Mwalimu, kwa nini asiseme tu umepotea?" Akasimulia mama yake alivyoazima herini za dhahabu siku ya kumtoa mwali, moja ikadondoka mchangani ngoma imekolea. Usiku uleule alikwenda kupiga hodi kwa mwenyewe, akasema. Waligombana, wakapatana, akalipa kidogokidogo. Kijana wa Tandahimba akabisha: maskini akisema kimepotea, nani atamsadiki? Akaleta habari ya mzee mmoja wa kwao aliyeuza korosho zake kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, zikiwa bado maua, akamficha mkewe mpaka siku ya malipo ya mnada.

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mimi sikuingilia, maana walikuwa wanachambua wahusika bila kujua. Mathilde angesema ukweli asubuhi ile, angeambiwa mkufu ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga 500. Badala yake walinunua mwingine kwa faranga 36,000. Urithi wa mume kutoka kwa baba yake ulitoa 18,000, zilizobaki wakakopa, wakalipa miaka 10. Kijitabu kitaandika "mgogoro wa kiuchumi" kisha kipite, na aibu ya lile vazi asiione mtu. Mume naye kitamwita mhusika msaidizi, basi, wakati uongo wa kishikizo umetoka kinywani mwake.

Halafu kuna Mathilde wa baadaye, mikono imekuwa myekundu kwa kusugua, anabishana na muuza nyama senti kwa senti. Mwanamke huyo huyo, mumewe akiwa kazini, hukaa dirishani akaukumbuka usiku ule alivyopendeza. Niliwauliza: mvumilivu au mwenye tamaa? Walikataa kuchagua, kila mmoja akafungua ukurasa kunionyesha mstari wake. Nilifurahi mno.

Ombi langu kwako, mhariri, ni dogo. Ukurasa wa elimu unaojazwa majibu kila wiki, ukateni nusu, mweke hadithi fupi nzima, chini yake pasiwe na swali hata moja. Mkifanya hivyo nitanunua nakala nane, saba za vijana na moja yangu.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara