Barua ya wazi kwa vijana wanaoishauri serikali kuhusu ajira

Wanangu mlioingia katika kazi hii,

Nawaandikia kwa sababu ya kosa moja linalojirudia katika nyaraka nyingi za ushauri wa ajira, ziwe zimeandikwa nchi gani. Waraka unaanza na idadi ya vijana wasio na kazi, na ukifika ukurasa wa tatu tayari umependekeza mafunzo. Hapo katikati hakuna aliyeuliza kazi zenyewe ziko wapi, nani anaajiri, na kwa nini haajiri zaidi. Mafunzo hupendwa kwa kuwa hayamuudhi mtu: waziri anapata jengo la kuzindua, mfadhili anapata idadi ya wahitimu, vyuo vinapata fedha. Anayebaki mikono mitupu ni kijana mwenye cheti. Ninachowaomba ni kwamba msipendekeze mafunzo mpaka muwe mmethibitisha kuwa kinachokwamisha ajira ni ujuzi, na si kitu kingine.

Anzeni na utafiti wa nguvukazi, yaani ule unaopita kwenye kaya kuuliza nani anafanya kazi gani, na msome dodoso lake kabla ya majedwali. Kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake kitawapoteza. Kwa vipimo vya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kumpatia kipato hata kwa saa moja ndani ya wiki ya marejeo, ile inayoulizwa na utafiti, huhesabiwa kuwa ana ajira. Ili ahesabiwe hana, masharti ni matatu: hana kazi, yuko tayari kuanza, na amekuwa akitafuta katika siku za karibuni, kwa kawaida wiki nne. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hayumo. Ndiyo maana nchi maskini inaweza kuonyesha kiwango kidogo kuliko nchi tajiri. Asiye na akiba wala fao la kukosa kazi hawezi kumudu kukaa bure. Atachuuza chochote, naye takwimu zitamwita mwajiriwa.

Kwa hiyo ombeni pia idadi ya wanaofanya saa chache kuliko wanazotaka, na ya wanaotaka kazi lakini hawakutafuta au hawakuwa tayari kuanza mara moja. Kisha ulizeni nchi inatumia vipimo vipya au vya zamani. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi ulibadili maana ya ajira, na wanaozalisha hasa kwa matumizi ya nyumbani mwao wakatolewa katika hesabu ya walioajiriwa. Nchi yenye wakulima wengi wa kujikimu ikihamia vipimo hivyo, ajira hushuka kwenye karatasi bila mtu yeyote kupoteza kazi. Mshauri asiyelijua hili atalinganisha mwaka wa kabla na wa baada, kisha atamwandikia waziri habari ya msiba ambao haukutokea.

Mkishajua watu wanafanya nini, nendeni kwa waajiri. Watawaambia kwa sauti moja kwamba hawapati watu wenye ujuzi. Pengine ni kweli, ila msilichukue neno hilo jinsi lilivyo. Mwombeni mwajiri awaonyeshe tangazo lake la mwisho la kazi, na muulize mambo manne: nafasi ilikaa wazi wiki ngapi, waliomba wangapi, walikataliwa kwa sababu ipi, na mshahara wa nafasi ile umepanda kiasi gani kwa miaka miwili au mitatu iliyopita. Ujuzi ukiwa adimu kweli, bei yake hupanda. Mshahara ukiwa umesimama palepale na wafanyakazi wanaondoka baada ya miezi mitatu, hapo tatizo ni malipo, zamu za usiku, au usafiri wa kufika kazini. Hata mkifundisha watu elfu moja, nao wataondoka.

Tuseme basi mmethibitisha kuwa ujuzi ndio kikwazo. Msiishie kwenye mtaala, ingieni karakana. Chukueni darasa la uchomeleaji lenye wanafunzi 30 na mashine 3. Kipindi cha vitendo ni saa nne, yaani dakika 240. Zidisha kwa mashine tatu, gawanya kwa wanafunzi 30: kila mmoja ameshika mashine dakika 24. Muda uliobaki anatazama mgongo wa mwenzake. Na hapo nimechukulia kuwa umeme haukukatika, vijiti vya kuchomelea vipo, na vipande vya chuma vya kufanyia mazoezi havijaisha. Bajeti nyingi hununua mashine kwa fedha za maendeleo na kusahau vijiti, chuma, gesi na matengenezo, ambavyo hutoka kwenye matumizi ya kawaida mwaka hadi mwaka. Mashine inabaki mpya, na mwanafunzi anahitimu kwa kuandika mtihani. Mkiandika gharama za chuo, wekeni mstari wa vifaa vya kila muhula kwa kila mwanafunzi, na mstari wa mshahara wa mkufunzi unaokaribiana na anachoweza kulipwa kiwandani. Bila mstari huo wa pili, mkufunzi hodari hatakaa.

Uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa mwajiri kwa mkataba, una nafuu kubwa hapa, maana mashine na vifaa ni vya mwajiri na kazi ni ya kweli. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, limeweka misingi yake: mkataba wa maandishi, malipo au fidia nyingine ya fedha, mafunzo ya kazini pamoja na ya nje ya kazi, na cheti kinachotambulika. Wengi hukimbilia kunakili Ujerumani. Wanachukua sheria, wanaacha kinachoibeba: vyama vya wenye viwanda na biashara vinavyosimamia mitihani, na waajiri wanaomlipa mwanagenzi kutoka mifukoni mwao kwa sababu wana hakika jirani naye anafundisha. Pasipo hayo, mwanagenzi hugeuka kibarua wa bei rahisi. Dalili yake ni nyepesi kuiona: hesabuni katika kila kampuni wangapi walibaki baada ya mkataba kwisha. Kampuni inayochukua wanagenzi kumi kila mwaka na haimbakizi hata mmoja haifundishi.

Fedha za mafunzo mara nyingi hutoka kwenye tozo ya asilimia fulani ya mishahara. Brazili ilianza njia hii kwa viwanda mwaka 1942, ilipoanzisha SENAI, chombo cha mafunzo kinachoendeshwa na shirikisho la wenye viwanda wenyewe. Hoja ya nani anashika fungu hili ina uzito kuliko kiwango cha tozo. Hazina ikiligusa kuziba pengo lingine, waajiri huliona ni kodi tu na huanza kuficha idadi ya wafanyakazi. Jambo la pili la kuangalia ni nani anarudishiwa fedha hizo ili afundishe. Uingereza ilianzisha tozo ya uanagenzi mwaka 2017, asilimia 0.5 ya mishahara kwa waajiri ambao jumla ya mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Walioanza uanagenzi wakapungua, na sehemu iliyokwenda kwenye ngazi za juu ikaongezeka. Kampuni kubwa hupenda kurudisha fedha zake kwa kuwafundisha wale ambao ingewafundisha hata hivyo. Wekeni kiwango cha chini kinachokwenda kwa wanaoanza na kwa karakana ndogo, tena kiwe ndani ya sheria, kisiachwe kwenye mwongozo.

Ruzuku ya mshahara, pale serikali inapomlipia mwajiri sehemu ya mshahara, nayo ina hesabu ambayo waziri hataiomba, nanyi mumpe. Tuseme vijana 1,000 wameajiriwa kwa ruzuku, na kila mmoja amegharimu 300 kwa fedha yoyote mtakayo. Linganisheni na kundi lisilopata ruzuku. Mkikuta kuwa 600 wangeajiriwa bila ruzuku, na 150 wamechukua nafasi za wengine walioachishwa au ambao hawakuitwa, ajira mpya ni 250. Jumla ya gharama ni 300,000. Kila ajira mpya imegharimu 1,200, mara nne ya ile iliyotangazwa. Huenda bado inafaa, hasa ruzuku ikilengwa kwa waliokaa muda mrefu bila kazi. Lakini uamuzi ufanywe juu ya 1,200.

Hesabu ya namna hiyo inazihusu pia kazi za umma za muda. Watu 400 wakilima barabara siku 60 ni siku za kazi 24,000. Kwa mwaka wa siku 240, hiyo ni sawa na ajira 100 za mwaka mzima. Anayeripoti ajira 400 amezidisha mara nne. Na malipo yakichelewa, anayetoka kwanza ni maskini kuliko wote, kwa sababu ndiye asiyeweza kusubiri. Sheria ya India ya mwaka 2005 iliyoahidi siku 100 za kazi kwa kaya za vijijini ilitaka mshahara ulipwe ndani ya wiki mbili. Sharti la aina hii liwemo, pamoja na jina la ofisi inayowajibika.

Msisahau kuwa karibu asilimia 60 ya wenye kazi duniani, watu wapatao bilioni mbili, wako katika ajira isiyo rasmi. Ruzuku na tozo zinazopitia orodha ya mishahara haziwafikii. Wao husaidiwa na mahali pa kudumu pa kufanyia biashara, kutambuliwa rasmi kwa ujuzi walioupata kazini, na hifadhi ya jamii inayopokea mchango mdogo wa msimu. Ushauri usiowagusa hawa ni wa wachache.

Kuna na hili la ofisini. Wizara ya kazi mara chache ndiyo yenye fedha. Ajira huamuliwa katika wizara za kilimo, ujenzi, biashara na hazina. Jueni tarehe ya kutolewa kwa mwongozo wa bajeti na tarehe ya kufungwa kwa ukomo wa matumizi wa kila wizara. Waraka ukifika wiki moja baadaye, umechelewa mwaka mzima. Wakaribisheni vyama vya wafanyakazi na vya waajiri mapema, wakati rasimu bado inabadilika. Mkataba namba 122 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, kuhusu sera ya ajira, unawataka wawakilishi wa pande zote zinazoguswa washauriwe, na chama kilichoitwa siku ya uzinduzi kitakuwa cha kwanza kupinga.

Mwisho, kila programu iwe na fungu la kuwafuatilia wahitimu na wenzao wasioshiriki, lisilopungua miaka miwili. Uchambuzi wa pamoja wa tathmini zaidi ya 200 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa programu za namna hii kwa wastani huonyesha tija ndogo sana mwaka wa kwanza, na kwamba matunda ya mafunzo hujitokeza zaidi baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu anayesoma huacha kutafuta kazi akiwa darasani. Mkipima baada ya miezi sita mtaifuta programu nzuri. Namba za simu za washiriki, pamoja na za ndugu wawili wa kila mmoja, zichukuliwe siku ya kujiandikisha kwa ridhaa yao. Ukingoja mpaka wahitimu, nusu ya laini zitakuwa zimefungwa.

Mzee wenu