Gitaa jipya na pikapu zake: barua kwa ndugu yangu wa Busia

Ntinda, Kampala

Ndugu yangu Swaibu,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo.

Uliniomba nikuandikie gitaa likishafika, na zaidi ya yote nikueleze habari za pikapu zake, yaani vile vinasa vya sumaku vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya, kwa kuwa nawe unafikiria kuliachia gitaa lako la ubao mzito na kutafuta lenye uwazi ndani. Nimelipiga nyumbani, nimelipiga kwenye mazoezi ya bendi, na Jumamosi iliyopita nimelipiga kwenye kwanjula moja, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, kule Mukono, kwa hiyo sasa ninayo ya kusema.

Umbo lake limefuata mfano wa ES-335, gitaa ambalo kampuni ya Gibson walilitoa mwaka 1958. Mwili ni mwembamba, umetengenezwa kwa mbao za mti wa mepo (maple) zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, una matundu mawili ya herufi f, na katikati yake limepita gogo zima la mbao kutoka shingoni hadi mkiani. Daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa mwili, na pikapu zote mbili zimekaa juu ya gogo hilo. Uwazi uko kwenye mabawa tu, kushoto na kulia. Ukilipiga bila umeme linasikika vizuri chumbani, ingawa huwezi kulifananisha na gitaa kavu. Shingo ni nyembamba kiasi, urefu wa nyuzi ni kama sentimita 63, na vidole vyangu vimeizoea haraka.

Pikapu ni za aina ya hambaka, ile aliyoibuni Seth Lover akiwa Gibson, akaiombea hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Unajua jinsi inavyofanya kazi: koili mbili, yaani misokoto ya waya mwembamba, zimeunganishwa kinyume, na sumaku zake nazo zimeelekezwa kinyume, kiasi kwamba kelele ya umeme inayoingia kwenye koili zote mbili hujifuta yenyewe, huku mtetemo wa nyuzi ukijumlishwa. Kule Mukono umeme ulitoka kwenye jenereta moja iliyowasha taa, spika na friji za vinywaji. Gitaa la mwenzangu, lenye pikapu za koili moja, lilivuma kila alipoondoa mkono kwenye nyuzi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, karibu sawa na noti ya sol kwenye freti ya tatu ya uzi mnene wa gitaa la besi, na ndiyo maana mvumo ule unaudhi mno wimbo unapokuwa kwenye ufunguo usioelewana na sol. Langu lilinyamaza kimya kati ya wimbo na wimbo. Kwa sisi tunaopigia kwenye mahema, sifa hiyo peke yake inatosha kuzipendelea pikapu hizi.

Nilichomeka waya, nikafungua volyumu zote hadi mwisho, nikapima kwa mita kwenye ncha ya pili ya waya: pikapu ya shingoni ilisoma kiloomu 7.6 (kipimo cha ukinzani wa waya), na ya darajani 8.2. Namba hizo hazikwambii sauti ikoje, lakini zinaonyesha kwamba koili hazikusokotwa kupita kiasi, nami nafurahia hilo. Koili yenye waya mwingi mno hupaza sauti na kuinyima wembamba, na gitaa lenye uwazi linanunuliwa kwa ajili ya huo wembamba.

Sasa nikueleze kila moja. Pikapu ya shingoni ilikuja ikiwa imeinuliwa mno, ikatoa sauti nene iliyomeza besi na kuziba mdomo wa saksafoni yetu. Nilibana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho, nikaweka rula ya shule chini yake, nikaishusha pikapu kwa bisibisi ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, upande wa nyuzi nene nikiushusha zaidi, hadi nafasi ilipokaribia milimita tatu. Hapo ukungu uliondoka. Noti za chini zikawa na mwanzo unaosikika, yaani unasikia kucha ikigusa uzi kabla noti haijajaa, na baada yake ndipo mbao zinaitika. Usiihukumu pikapu yoyote ya aina hii kabla hujarekebisha kimo chake.

Ya darajani niliitarajia iwe kali kwa ajili ya sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa huchukua nafasi na watu hucheza. Ni kali, ila haichomi sikio. Ukipunguza volyumu kidogo inakuwa safi na ya kengele, nayo inakaa juu ya rizimu bila kugombana nayo. Wewe unayepiga mi-solo, yaani gitaa la kati kati ya solo na rizimu, utaipenda.

Lakini raha yenyewe iko swichi inapokuwa katikati, pikapu zote mbili zikifanya kazi pamoja. Kila moja ina volyumu yake, kwa hiyo ukiishusha ya shingoni kwa nywele moja tu, besi inapungua na sauti inafunguka. Ukirudisha, inajaa tena. Kati ya nukta hizo mbili nimepata sauti ninazoweza kupigia usiku kucha. Angalia tu kwamba, kwa jinsi nyaya zilivyounganishwa, ukizima kabisa volyumu moja swichi ikiwa katikati, gitaa lote linanyamaza.

Uliuliza kuhusu gitaa kupiga yowe, yaani ule mlio mkali unaojizalisha wenyewe kwenye amplifaya. Gogo la katikati linapunguza tatizo hilo sana, ila haliliondoi, kwa kuwa sauti ya amplifaya bado hutikisa mabawa yale, mabawa yakatikisa nyuzi, na pikapu ikairudisha sauti ile ile kwenye amplifaya. B.B. King, mpigaji wa blues, alikuwa akijaza vitambaa ndani ya matundu ya f, na gitaa lililopewa jina la gitaa lake, Lucille, ambalo Gibson walianza kuliuza mwaka 1980 halikuwa na matundu hayo kabisa. Mimi nilisogea hatua chache pembeni ya amplifaya, ikatosha. Ukilisogeza gitaa polepole kwenye amplifaya kwa makusudi, noti inashikilia na kuendelea kuimba yenyewe, jambo ambalo gitaa lako la sasa halikupi kwa volyumu ya kawaida.

Lililonisumbua ni vidhibiti vya volyumu, ambavyo hufanya kazi yote mwishoni mwa mzunguko. Nitavibadilisha, ingawa kazi hiyo inafanyika kwa kupitishia kila kitu kwenye tundu la f, vikiwa vimefungwa uzi ili visipotelee ndani. Ukinunua lako, kaza mapema nati ya tundu la waya, maana ikilegea, utalazimika kuivua mitambo kwa njia hiyo hiyo.

Ukija Kampala mwezi ujao, njoo na amplifaya yako ya taa, ile inayotumia vali za kioo. Ningependa tuisikilize swichi ya katikati kwenye amplifaya hiyo kabla sijagusa nyaya, kisha uniambie kama nianze na vidhibiti vya shingoni au vya darajani. Nisalimie shemeji na watoto.

Wassalaam,
Ndugu yako wa Ntinda