Risala ya Wazazi wa Darasa la Jumamosi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu wetu mstaafu. Viongozi wa dini, walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Karibu sana. Sisi ni wazazi tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, na sasa tunaishi hapa Kansas City. Kila Jumamosi watoto wetu hukusanyika katika chumba hiki kilicho chini ya kanisa ili wajifunze kusoma na kuandika Kiswahili. Tunajua risala huanza na idadi ya wanafunzi na orodha ya matatizo. Leo tunaomba tuanze na safari, kwa sababu ombi letu limetoka huko.

Julai iliyopita tuliwapeleka watoto Nicodemus, mji mdogo wa jimbo la Kansas, zaidi ya kilomita 400 magharibi ya hapa. Mji huo ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Walishuka treni katika mji wa Ellis, wakamalizia safari kwa miguu na mikokoteni. Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa mji hakuona nyumba hata moja. Aliona moshi ukitoka ardhini. Akalia. Miti ilikuwa adimu katika mbuga ile, hivyo watu walijichimbia makao ardhini, wakayaezeka kwa vijiti na mapande ya udongo wenye nyasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule ya kwanza ya mji huo ilikuwa ndani ya shimo kama hayo. Mke wa Z. T. Fletcher, mmoja wa viongozi wa mji, aliwafundisha watoto nyumbani kwake. Chakula kilikuwa haba, na baridi ya huko, wewe mwenyewe unaijua. Hata hivyo, mwaka 1879 waliunda wilaya ya shule namba 1, ya kwanza katika Graham County nzima, yaani kaunti ulipo mji huo. Watu waliokaa chini ya ardhi ndio waliotangulia wenzao wote kwa shule!

Mwaka 1888 reli ikapita pembeni, ng'ambo ya mto, na wafanyabiashara wakaifuata. Maduka yakahama. Shule haikuhama. Jengo tulilolikuta ni la mwaka 1918, la mbao, chumba kimoja. Watoto wetu walizoea kusikia kwamba shule ni ghorofa na mabasi ya njano. Walilizunguka jengo lile kimya. Kisha mmoja, mwenye miaka minane, akauliza: "Kama nyumba ilikuwa shimo, ubao waliutundika wapi?"

Swali lile lilitushika sisi wakubwa. Wengi wetu tulisoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, chini ya miti, na ubao wetu uliegemezwa kwenye shina. Mvua ikinyesha, mmoja aliubeba kichwani na wengine wakakimbia nyuma yake. Hatukuwahi kuwasimulia watoto wetu habari hizo; tuliziona kama aibu. Tuliporudi, njia nzima tulizisimulia.

Tuliwaambia pia habari za Topeka, tuliyoipita njiani. Sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliruhusu miji mikubwa kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za msingi. Wazazi wa Topeka walikwenda mahakamani, na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikatamka kwamba utengano huo ni kinyume cha katiba. Walioshtaki walikuwa wazazi wa kawaida kama sisi, wenye kazi za zamu na watoto wa kupeleka shule.

Tangu safari hiyo, watoto wameanza kuandika daftari moja la pamoja, kwa Kiswahili: ukurasa wa Nicodemus, ukurasa wa Nyarugusu, ukurasa wa bibi aliyefundisha Uvira, Kongo. Wanawahoji wazee kwa simu. Daftari liko mezani mbele yako, na kurasa zimebaki sita.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Tunaomba utusaidie kupata rafu na vitabu vya hadithi vya Kiswahili, kwani tulivyo navyo vinasomwa kwa zamu mpaka vimechanika. Pia tunaomba utusaidie kukodi basi mwishoni mwa Julai ijayo, wakati wazawa wa Nicodemus hurudi nyumbani kusherehekea, ili watoto wetu wakawasomee kurasa zao na kuwauliza lile swali la ubao.

Tunaomba kuwasilisha.