Mkono wa Farwell na sheria iliyotungwa na majaji

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge kauli inayorudiwa mara kwa mara, kwamba sheria ya kawaida ya Kiingereza (common law), yaani ile inayotokana na hukumu za mahakama badala ya bunge, ambayo nasi tuliletewa na wakoloni, ni hekima ya kale ambayo jaji huichota tu kama maji ya kisima. Historia ya Marekani inaonyesha vingine.

Mwaka 1837 Nicholas Farwell, dereva wa treni wa kampuni ya reli ya Boston na Worcester, alipondwa mkono wa kulia treni ilipoacha njia, kwa kuwa mfanyakazi mwenzake hakuiweka sawa swichi ya reli, yaani kifaa cha kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine. Alipodai fidia, Jaji Mkuu wa Massachusetts, Lemuel Shaw, alimnyima mwaka 1842. Abiria aliyeumizwa na uzembe ule ule angelipwa na kampuni. Dereva hapana, kwa hoja kwamba alipokubali kazi alikubali na hatari zake, na kwamba ujira wake wa dola 2 kwa siku, uliozidi wa fundi mitambo, ulikwisha kubeba bei ya hatari hizo. Mkataba wa namna hiyo Farwell hakuwahi kuusikia, achilia mbali kuutia sahihi. Aliuandika jaji, baada ya ajali.

Shaw aliongeza kwamba wafanyakazi wataangaliana wao kwa wao, hivyo usalama utaongezeka. Lakini dereva aliye juu ya injini atamwangaliaje mtu wa swichi aliye mbali mbele yake? Wakili wa Farwell alilieleza jambo hilo, nalo likakataliwa.

Mila ya kale haikuwapo. Kabla ya hapo zilikuwapo hukumu za karibuni tu zilizomnyima mfanyakazi fidia vivyo hivyo: kesi ya Uingereza ya 1837, ya mtumishi wa mwuza nyama aliyeumia gari la bwana wake lilipovunjika, na hukumu ya South Carolina ya 1841.

Sidai kwamba Shaw alihongwa. Mwaka huo huo aliamua kwamba chama cha wafanyakazi si jinai kwa kuwapo kwake tu, uamuzi wa kuheshimika. Hata hivyo, katika hukumu ya Farwell alikiri mwenyewe kwamba mahakama ina haki ya kuzingatia sera na manufaa ya jumla, na manufaa hayo yaliangukia upande wa wenye reli. Mahakama nyingi za majimbo zilimfuata.

Massachusetts ilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1911, miaka 74 baada ya mkono ule kupondwa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro