Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kwa Nini Mbegu Zetu Zinachanganyika

Ndugu wanachama,

Malalamiko mengi yaliyoifikia kamati mwaka huu ni ya namna moja: mbegu imechanganyika. Yametoka kwa wa mahindi Iringa, wa mpunga Kyela na wa migomba Rungwe. Kamati haikuona busara kuwajibu wote jibu moja. Mazao haya ni ya ukoo mmoja, monokotiledoni, yaani mimea inayoota na jani moja la mbegu, na ukoo huo ulitengana na mimea mingine zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Lakini ndani ya ukoo kila zao lina namna yake ya kuzaa: mahindi huchavushana na ya jirani, mpunga hujichavusha wenyewe, na ndizi tunazokula zimeacha kabisa kuzaa kwa mbegu.

Nianze na mahindi, ndiko kulikoharibika zaidi. Kila uzi wa ndevu unakwenda kwenye punje moja, na chavua inayoangukia uzi huo ndiyo baba wa punje hiyo. Upepo hauulizi mpaka wa shamba. Wanachama waliokuta punje za njano katika mahindi meupe walidhani wameuziwa mbegu mbovu. Si lazima iwe hivyo. Chakula kilichomo ndani ya punje hutengenezwa kwa mafungu mawili ya mama na moja la baba, na jeni ya njano, yaani chembe ya urithi inayoleta rangi hiyo, huishinda ya nyeupe, kwa hiyo rangi ya baba huonekana msimu uleule. Ganda na gunzi ni mali ya mama, havibadiliki.

Hapo mmepata kipimo cha bure. Hindi la punje 400 likiwa na 8 za njano, asilimia 2 ya punje zake zimetoka kwa jirani mwenye njano. Ila jirani akiwa amepanda meupe, uchafuzi ni uleule na hutauona. Kuchambua za njano na kuzitupa, kisha kuuza zilizobaki kama mbegu safi, ni kujidanganya.

Kwa msimu ujao shamba la mbegu likae mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine. Kupishanisha upandaji kwa mwezi mmoja nako kunasaidia, lakini kwa mvua zetu za msimu mmoja wengi hupanda kwa pamoja, kwa hiyo tegemeeni umbali. Mimea isiyofanana na aina yenu ing'olewe kabla mbelewele hazijamwaga chavua; ukichelewa siku mbili tatu kazi imekwisha bure. Mahindi ya mbegu yachaguliwe katikati ya shamba, mistari ya pembeni iachwe, yasipungue 200, na kila moja litoe punje sawa. Anayechagua mahindi kumi manene tu, baada ya misimu michache anazalisha ndugu kwa ndugu, na mimea inadumaa.

Kuhusu mahindi chotara, yaani yanayotokana na kukutanisha aina mbili tofauti: si kweli, kama wengine wanavyodhani, kwamba punje zake hazioti zikirudiwa kupandwa. Zinaota vizuri tu, ila kizazi cha pili hutawanyika kwa urefu na ukomavu, na kwa hesabu ya jenetiki hupoteza karibu nusu ya nguvu ya uchotara.

Mpunga hujichavusha kwa kiasi kikubwa, na kuchavushana kwa kawaida hakufiki asilimia 1. Mita 3 zinatosha. Kwa hiyo mchanganyiko wa Kyela ni wa mikono yetu: punje za msimu uliopita zilizojiotea, turubai la kupigia, mashine, magunia. Kagueni wakati wa kuchanua na tena kabla ya kuvuna, mng'oe shina zima. Mpunga mwitu wa kudumu, Oryza longistaminata, una mashina yanayotambaa chini ya udongo. Kuufyeka ni kuupogoa, uchimbueni. Wauzaji wa mchele wa kunukia wajue kwamba katika aina nyingi duniani harufu hutokana na jeni BADH2 iliyoharibika, na jeni hiyo hujificha mbele ya nzima. Kosa la leo mnaweza kulinusa kizazi kinachofuata.

Migomba yetu mingi ina kromosomu 33 (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe hai), yaani seti tatu za 11. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa, ndiyo maana ndizi haina mbegu na chipukizi ni mgomba uleule wa mama, pamoja na magonjwa yake. Chagueni chipukizi la majani membamba kama upanga kutoka shina lenye afya, parueni mizizi yote na ngozi ya tunguu mpaka nyama nyeupe, kisha litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusibebeshe migomba, yaani kuunganisha kikonyo cha mmea mmoja kwenye shina la mwingine, kama parachichi. Parachichi lina tabaka hai la ukuaji kati ya gome na mti, ambalo huungana. Mgomba hauna, mirija yake imetawanyika shinani.

Kamati inapendekeza akiba ya ada inunue kipima unyevu. Mahindi ya mbegu yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Kwa sasa tumieni chupa na chumvi kavu: tikiseni pamoja na punje, chumvi ikigandia chupa, rudisheni juani. Gunia lisilo na jina la aina, shamba na msimu halitapokelewa ghalani.