Balozi "hakuwepo waziwazi" ndo nini jamani?

Mhariri salamu, mi msomaji wenu wa siku nyingi, nina kaduka ka vifaa vya shule na gazeti nalisomea hapo hapo kaunta asubuhi wateja hawajaanza kuja. Juzi kwenye habari za nje mmeandika balozi fulani "hakuwepo waziwazi" kwenye sherehe. Nikarudia mara tatu, hakuwepo waziwazi, kwa hiyo alikuwepo kwa kificho au? Baadae ndo nikashtuka, kumbe mtafsiri kakutana na "conspicuously absent" akaibeba neno kwa neno.

Waziwazi kwetu ni mtu kufanya kitu bila kuficha, kaiba waziwazi, kadanganya waziwazi. Conspicuously ni habari ya macho, asili yake Kilatini conspicere, kutazama, yaani kitu kinakuvuta jicho upende usipende. Na utamu wa huo msemo ni kwamba kisichokuwepo ndo kinachoonekana. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia msiba wa Junia kule Roma mwaka 22 baada ya Kristo, zilipita sanamu za koo kubwa 20 ila za Cassius mumewe na Brutus kaka yake hazikuwepo, si ndo waliomuua Julius Kaisari, basi anasema hao wawili waling'aa kuliko wote kwa sababu hiyo hiyo ya kutoonekana. Lord John Russell, mwanasiasa wa Uingereza, akaja kuuleta huo msemo kwenye Kiingereza mwaka 1859, wenzetu wanautumia mpaka leo.

Sisi mbona tunalo la kwetu na wala halihitaji kielezi. Kuna siku afisa biashara aliingia dukani, leseni ipo ukutani lakini nimeining'iniza nyuma ya kalenda, kona tu ndo inachungulia. Akaniambia "ipo sawa, nani anaiona? Itoe hapo, weka ionekane." Mwanasheria wa Kiingereza hapo angeandika conspicuously, yeye kamaliza na ionekane tu.

Sasa na huyo balozi si mngeandika "kila mtu aliona balozi hayupo" mambo yakaisha, au kama kiti chake kilikuwepo semeni kilibaki wazi watu wanakitazama, maana kiti kinaweza kuwa wazi ila balozi hawezi kutokuwepo waziwazi. Ila msije mkaandika "pengo lake lilionekana", hapo tutaanza kuulizana anazikwa lini.

Msomaji wenu wa kaunta