Barua kwa Sahibu Aliyeko Kahama

Ngamiani, Tanga
Juni

Sahibu yangu,

Ama baada ya salamu, huku hatujambo. Kusi linavuma, samaki wameadimika, changu sasa ni wa kutazama tu pale sokoni.

Juzi uliponipigia ukasema umepita Buzwagi, ule mgodi wa dhahabu, uko kimya tangu uzalishaji ukome 2021, ukacheka: "Shimo lenyewe ndilo hili lililomtoa Zitto bungeni." Simu ikakatika, nami nikabaki na ubishi wetu ule ambao mpaka leo hatujaumaliza.

Wakumbuka Agosti 2007? Tupo barazani, redio ya mzee wa kahawa imetundikwa msumarini. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, hata miaka 31 hajatimiza, anataka iundwe kamati teule ichunguze mkataba wa Buzwagi ambao Waziri wa Nishati na Madini, Karamagi, alikwenda kuusaini London. Mzee wetu aliinamisha birika akasahau kumimina. Bunge likamsimamisha Zitto hadi Januari 2008. Wewe ukasema shujaa, mimi nikasema kijana anatafuta jina.

Nilikosea, nakiri, lakini usishangilie mapema. Wewe ulipenda ujasiri wake. Mimi kilichonigeuza ni hesabu. Baadhi ya mikataba ya zama zile ilikuwa na kifungu kinachomruhusu mwenye mgodi kuongeza asilimia 15 kila mwaka juu ya gharama za mtaji ambazo bado hazijarudi. Sikukielewa mpaka nilipomfikiria mwenye dau. Mmevua, mmeuza, mnangoja mgao, yeye anafungua daftari: dau halijarudisha bei ya mbao. Mwaka wa pili mnakuta mbao zilezile zimepanda bei humo daftarini. Mtavua mpaka dau lioze, faida hamuioni! Na kodi ya mapato hutozwa kwenye faida. Mrabaha, yaani fungu la serikali kwenye thamani ya madini, faida iwepo isiwepo, ndio uliokuwa ukilipwa, nao kwa dhahabu ulikuwa asilimia 3.

Kelele zile zikazaa kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mambo ya madini, Zitto mwenyewe akiwemo (ukanuna wiki nzima ukisema wamemtia mfukoni). Sheria ya madini ya 2010 ikaupandisha mrabaha hadi asilimia 4, na mwaka 2017 ukafika 6. Sisemi ni kazi ya mtu mmoja. Nasema swali liliulizwa mapema, na aliyeuliza aliadhibiwa.

Hata hivyo simpi zote. Mwaka 2009 aliposimama upande wa kuinunua mitambo ya umeme ya Dowans, kampuni ambayo mkataba wake ulikuwa na utata, nilimkasirikia kweli. Hoja yake ilikuwa umeme, nchi iko gizani, mitambo ipo, tununue. Mimi nikasema mtu aliyetufundisha kutazama mkataba kwanza, leo anatuambia tutazame mtambo? Mpaka leo sijamsamehe, ingawa ile ripoti ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow aliyoiwasilisha Novemba 2014 akiwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za serikali ilinipoza kidogo.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita nilikwenda Chongoleani kwa shemeji. Ng'ambo ile tuliyokuwa tukiijua kwa minazi na ngalawa, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilometa 1,443. Shemeji akaniuliza, huku anapara samaki, "Shemeji, na sisi humu tuna chetu?" Nikamwambia tunazo hisa asilimia 15 kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, TotalEnergies ya Wafaransa wana 62. Akaacha kisu. "Nani alikwenda kupatana?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mkataba wa serikali na kampuni ya bomba ulisainiwa Mei 2021. Zitto alikwishapoteza kiti cha Kigoma Mjini kwenye uchaguzi wa 2020, na viti vya upinzani Dodoma vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Huenda mkataba ni mzuri. Lakini Buzwagi tuliijua kwa sababu mtu alisimama akasema "Mheshimiwa Spika" wenzake wakaguna. Huu wa mlangoni kwetu nimeusikia kwenye hotuba za shangwe tu.

Mzee wa kahawa alishatangulia, Mungu amrehemu. Birika analo mjukuu wake, na redio pia, ila tangu waache kurusha Bunge moja kwa moja mwaka 2016 inasikilizwa mpira. Ukija Idi tutaomba izimwe kidogo. Unidai kahawa yako, maana tuliwekeana, na mimi ndiye niliyeshindwa.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ndimi sahibu yako